Bayi, Simbu au Akhwari: tunabishania nini hasa?

Sehemu tatu za mia za sekunde hazitoshi hata kupepesa jicho. Ndizo zilizomtenga Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, baada ya wote wawili kumaliza kilomita 42 na ushei za marathoni ya Mashindano ya Dunia. Saa iliwaandikia muda uleule, 2:09:48, na waamuzi wakalazimika kutazama picha ya mstari wa mwisho kabla ya kutangaza kwamba Tanzania, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ina bingwa wa dunia wa riadha. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Wengi waliamka wakakuta habari inawasubiri kwenye simu.

Ubishi ulianza kabla chai haijachemka. Vijana waliandika kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kufanya kubwa kuliko hili. Wazee wakajibu kwa neno moja: Bayi. Akatokea wa tatu na Taifa Stars ya Lagos 1980, wa nne na goli la Samatta pale Wembley. Na kila mara hubaki mmoja pembeni anayengoja kelele zitulie, kisha anamtaja John Stephen Akhwari kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Ubishi huu hauna mwisho, na wala si kwa sababu watu hawazijui takwimu. Kila mmoja amekuja na mizani yake: huyu anapima kasi, yule anapima cheo, mwingine anapima machozi. Na ndani ya maneno "mafanikio makubwa ya taifa" limejificha swali ambalo hatuliulizi kabisa, nalo ni mafanikio ya nani. Nitalifikia, lakini kwanza tupite Christchurch, maana huko ndiko wazee wanakokimbilia, na wana haki yao.

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola nchini New Zealand, Filbert Bayi aliingia kwenye fainali ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 20. Desturi ya mbio hizo ilikuwa inajulikana: unajibana kwenye kundi, unawatazama wenzako kwa jicho la pembeni, unaweka akiba ya pumzi, halafu kwenye mzunguko wa mwisho mnafumuka. Atakayeongoza mapema ndiye atakayewakingia wenzake upepo, na mwishoni atapitwa. Bayi alikwenda mbele tangu mlio wa bastola. Hakukuwa na mtu aliyeajiriwa kumvutia kasi, wala hakukuwa na taa za pembeni mwa njia kama zinazowaongoza wakimbiaji wa siku hizi. Kufikia mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kwa mita zipatazo 20, na waliojua mchezo walisubiri kumwona akikatika.

Hakukatika. John Walker, kijana wa pale pale New Zealand, alimfukuza kwenye nusu ya mwisho huku uwanja mzima ukimshangilia, na kila akisogea, Bayi alionekana bado ana kitu mguuni. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia iliyokuwepo, 3:33.1 ya Mmarekani Jim Ryun, ilikuwa imedumu tangu 1967. Walker naye alimaliza kwa 3:32.52, yaani aliipita rekodi ya zamani ya dunia na bado akawa wa pili. Mkenya Ben Jipcho, ambaye si mtu wa kubezwa, alikuwa wa tatu.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliichukua na rekodi ya maili moja kwa 3:51.0. Hiyo haikukaa, miezi mitatu baadaye Walker aliishusha hadi 3:49.4. Lakini ile ya mita 1,500 ilisimama hadi Agosti 1979, Mwingereza Sebastian Coe alipoivunja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Uzuri wa kupima kwa rekodi ya dunia ni kwamba huhitaji kuuliza nani hakuwepo uwanjani. Anayevunja rekodi anashindana na kila aliyewahi kukimbia, hai na marehemu. Ubaya wake ni kwamba rekodi ni kitu cha kuazima. Siku moja itachukuliwa, na mtoto aliyezaliwa baadaye atakuuliza kwa nini unaringia saa ambayo dunia ilishaipita. Medali haina tatizo hilo. Na hapa ndipo habari ya Bayi inapouma, kwa sababu kwenye medali kubwa kuliko zote, ya Olimpiki, akiwa kwenye kilele chake hakupata hata nafasi ya kushindwa.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, na zaidi ya nchi 20 zikasusia. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Pambano lililosubiriwa kwa miaka miwili, Bayi na Walker, halikufanyika. Walker alichukua dhahabu ya mita 1,500 kwa muda wa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya alichokifanya Bayi Christchurch. Fainali za Olimpiki aghalabu hukimbiwa kwa hesabu za ujanja na si kwa saa, kwa hiyo muda huo peke yake hauthibitishi kwamba Bayi angeshinda. Ila kejeli yenyewe ni nzito: nchi iliyompa Bayi uwanja wa rekodi yake ndiyo ambayo raga yake ilimnyima Olimpiki, na mtu wa nchi hiyohiyo ndiye aliyeondoka na dhahabu.

Wapo wanaosema kususia kule ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ambayo Tanzania imewahi kuyapata katika michezo. Zamani nilidhani ni utani wa wanasiasa. Sasa naona hoja yao ina uzito, kwa sababu kati ya yote tunayoyabishania, hilo pekee ndilo lililoamuliwa na taifa kama taifa. Rekodi ya Christchurch ilikuwa miguu ya mtu mmoja. Montreal ilikuwa uamuzi wa nchi, ulioendana na msimamo wake wote kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, na gharama yake ilijulikana mapema. Kasoro ni kwamba taifa ndilo lililoamua, na bili ikapelekwa kwa mwanariadha.

Miaka minne baadaye kibao kiligeuka. Moscow 1980 Marekani ilisusia, Kenya pia ikasusia, Tanzania ikaenda. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Bayi, ambaye sasa alikuwa amehamia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapata fedha nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo.

Kwa mizani ya cheo, hapo pangetosha kufunga mjadala kwa miaka 45. Lakini ukisimama kwenye medali lazima ukubali swali la nani hakuwepo, na jibu la Moscow linakera: Mkenya Henry Rono ndiye aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 5,000 na pia ile ya viunzi na maji, mbio zote mbili tulizopatia medali, na alibaki nyumbani kwa sababu ya siasa. Sisemi medali zile ni nyepesi. Aliyekimbia ndiye aliyekimbia, na Yifter hakuwa zawadi kwa mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba historia ilitunyima kwa mkono mmoja Montreal, ikaturudishia kidogo kwa mkono mwingine Moscow.

Swali hilohilo linamfuata Simbu, tupende tusipende. Marathoni ya Mashindano ya Dunia siku hizi hukosa baadhi ya wakimbiaji wenye kasi kubwa kabisa, kwa sababu mbio za majiji zina fedha, njia tambarare na hali ya hewa ya kuchagua. Siku sita tu baada ya Tokyo, Mkenya Sabastian Sawe alishinda Berlin kwa 2:02:16. Mbishi anaweza kuuliza: bingwa wa dunia kweli, kama huyo alikuwa kwingine? Jibu langu ni kwamba Tokyo ilikuwa mbio za aina nyingine, kwenye joto na unyevunyevu, bila wavuta kasi, kila mtu akiwa amevaa bendera yake, na Simbu alikuwa nyuma ya Petros wakiwa wanakaribia kabisa utepe. Miezi mitano kabla yake alikuwa ameshika nafasi ya pili Boston kwa 2:05:04, kwa hiyo hakuwa mtu aliyeokota dhahabu njiani. Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyekimbia marathoni kwa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, hakuwahi kuwa bingwa wa dunia hadi alipofariki. Kasi na ubingwa ni vitu viwili, na hapo ndipo nusu ya ubishi wetu ulipokwama.

Nusu nyingine imekwama kwenye mpira.

Mtu mzima wa Tanzania anaweza asijue Christchurch iko bara gani, lakini atakusimulia goli la Peter Tino kule Ndola lililotupa sare ya 1-1 na Zambia na kutupeleka Lagos. Fainali za Afrika za 1980 zilikuwa na timu nane tu. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Kwenye karatasi ni pointi moja. Kwenye kumbukumbu za watu ni hadithi ya kizazi, kwa sababu baada ya hapo tulisubiri miaka 39 kurudi. Njaa ndiyo iliyoongeza utamu.

Na ukiacha Taifa Stars, ukaingia kwenye klabu, umekwisha. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF 1993, ikatoka suluhu Abidjan na Stella, halafu ikafungwa 2-0 hapa Dar es Salaam. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ikafungwa 2-1 nyumbani, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Mwaka 2025 Simba tena, safari hii Berkane ya Morocco ikaondoka na kombe. Fainali tatu, makombe sifuri. Hata tungekuwa nalo moja, nani angeliita la taifa? Shabiki wa Jangwani hawezi kuhesabu mafanikio ya Msimbazi kuwa yake, na wengine, tuseme ukweli, siku ile waliishangilia Berkane.

Kuna na suala la Zanzibar, ambalo wabara tunalipita haraka. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kwa kuifunga Uganda 1-0, ikicheza kwa jina lake. Muulize Mzanzibari mafanikio makubwa ya soka ya "taifa" ni yapi, na kabla hajajibu atakuuliza taifa lipi. Ni swali halali.

Samatta je? Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Akaenda Genk akawa bingwa wa Ubelgiji, akatua Aston Villa, na Machi 2020 akaifunga Manchester City kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Ni njia ambayo hakuna Mtanzania aliyeipita kabla yake. Lakini heshima ile Wakongo nao wana fungu lao, kwa sababu Mazembe ndiyo iliyomlea hadi akaonekana.

Timu ambayo kila nikiitaja watu hukunja uso kama nimebuni ni Serengeti Girls. Oktoba 2022, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, walianza kwa kupigwa 4-0 na Japan, wakainuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali na kutolewa na Colombia. Ilikuwa timu ya kwanza ya Tanzania ya mpira wa miguu, ya umri wowote na jinsia yoyote, kufika Kombe la Dunia. Wanaume wangefanya hivyo tungepewa mapumziko ya kitaifa. Hapa mizani si kasi wala cheo. Ni nani aliyekuwa anatazama.

Kutazamwa kuna uzito kuliko tunavyokiri. Bayi alipovunja rekodi, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni na haingekuwa nacho hadi miaka ya 1990. Watu walisikia redioni, wakasoma gazetini. Mbio ambazo wapenzi wa riadha wa New Zealand bado wanazizungumzia, sisi wenyewe hatukuziona.

Akhwari ndiye aliyetazamwa na dunia nzima, na ndiye anayevuruga hesabu zote. Oktoba 1968, Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka njiani na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa moja na zaidi baadaye, giza limeshashuka, mguu umefungwa bandeji, akamaliza kwa 3:25:27. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Ninapata shida na namna tunavyomtumia. Jibu lake limegeuzwa kuwa mapambo ya semina, na mtu mwenyewe amebaki goti na bandeji. Miaka miwili baada ya Mexico, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari alimaliza wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji wa kweli aliyepata ajali siku mbaya. Kumweka juu ya orodha kwa sababu tu alivumilia ni kumpa heshima kwa siku aliyoshindwa na kumnyang'anya zile alizokimbia vizuri.

Majirani wetu wana ugomvi tofauti. Burundi hawana mengi ya kubishania: Vénuste Niyongabo alileta dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta 1996, Olimpiki ya kwanza kabisa kwa nchi hiyo. Waganda huchagua kati ya John Akii-Bua, aliyechukua dhahabu ya Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya mita 400 za viunzi, na Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mbio ndefu. Wakenya wanabishana kwa shibe. Dhahabu zao ni nyingi mno kiasi kwamba wanagombania ipi ilipendeza zaidi. Sisi tunabishana kwa uhaba, ndiyo maana kila mtu anang'ang'ania kipande chake.

Sasa lile swali nililoliahirisha: mafanikio ya nani?

Tazama rekodi ya Bayi leo. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham 2022. Uwanja wenyewe wa Christchurch umeshabomolewa, baada ya tetemeko la ardhi la 2011. Lakini kama rekodi ya Tanzania, 3:32.16 bado ipo. Zaidi ya miaka hamsini, na viatu vya kisasa juu yake, hakuna kijana wetu aliyekimbia mita 1,500 kwa kasi hiyo. Nusu yangu hujivunia namba hiyo, nusu nyingine huiona aibu. Kitu kisichopata mrithi kwa nusu karne ni cha mtu aliyekifanya. Taifa lilipita tu hapo likashangilia.

Marathoni ni habari nyingine. Baada ya Akhwari alikuja Gidamis Shahanga na dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Akaja Juma Ikangaa, fedha Brisbane 1982, wa pili Boston mara tatu mfululizo, mshindi wa New York 1989 kwa 2:08:01. Christopher Isegwe alipata fedha ya dunia Helsinki 2005, na mwaka uliofuata Samson Ramadhani akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola Melbourne. Simbu mwenyewe alikuwa wa tano Rio 2016 na akapata shaba London 2017. Gabriel Geay amekimbia 2:03:00 Valencia, na Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41. Wengi wao wametoka kwenye ukanda uleule wa nyanda za juu, Mbulu, Karatu, Hanang na Singida, na jeshi limewabeba kadhaa: Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi. Mpango wenyewe si wa kujivunia sana, viwanja ni vichache na fedha ni chache zaidi, lakini kijiti kimepokewa mkono kwa mkono tangu 1968 hadi Tokyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi, humrudishia swali kwanza: unataka kubwa la Mtanzania, au kubwa la Tanzania? Akisema la Mtanzania, ni Christchurch, na sitaki mjadala. Akisema la Tanzania, ni dhahabu ya Tokyo, pamoja na zile sehemu tatu za mia za sekunde zilizochukua miaka 57 kutengenezwa. Nilidhani jibu hili lingewatuliza watu. Mara ya mwisho nilipolitoa, shabiki mmoja wa Yanga alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, halafu akataka kujua ushindi wa Algiers nimeuweka wapi.